Ng'ombe Aliyenilipia Hospitali

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nina taipureta, na sidhani Isiolo nzima ilikuwa na mtu mwenye kichwa kikubwa kama changu. Nilitoka Meru, kwenye baridi na migomba, nikateremka kufanya ukarani katika ofisi ndogo ya mabati iliyoshika mfuko wa mji. Mfuko huo ulikuwa pesa ya umma: ushuru wa soko, leseni za ngozi, faini, na mapato ya mnada wa mifugo. Mkubwa wangu alikuwa katibu wa kamati ya mji, mtu mpole wa miwani, aliyenifundisha kwamba kazi ya karani ni kuandika anachoambiwa na kufunga dirisha upepo ukija. Upepo ulikuja kila mchana na vumbi lake. Kwa kufunga dirisha nilikuwa hodari.

Ilikuwa miaka ya vita vya Shifta, wapiganaji waliotaka kaskazini ijitenge na Kenya. Anayesoma leo huenda akadhani tulisikia risasi kutwa kucha. La. Kwetu mjini vita vilikuwa karatasi. Bila cheti cha safari hukutoka mjini, hukuingia, wala hukupanda lori. Askari wa kizuizini hakukuuliza hali, alikuuliza cheti. Ukiwa Mmeru mwenye tai kama mimi, alikitazama juu juu. Ukiwa Mborana au Msomali, alikisoma pande zote mbili, hata ule upande usioandikwa kitu.

Nilipanga chumba kwa mjane mmoja wa Kiborana. Wapangaji wote tulimwita akko, yaani nyanya, ingawa sisi wa Meru tulilitamka vibaya na yeye akatucheka. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye ulimi. Mimi aliniita karani, kwa sauti ile ile anayotumia mtu kumfukuza jogoo wa jirani. Mali yake ilikuwa vile vyumba vitatu vya udongo, na ng'ombe kumi na mmoja huko Kulamawe, alioachiwa na marehemu mumewe, wakichungwa na mpwa wake. Kila asubuhi akipuliza moto alikuwa akiimba kitu kwa Kiborana, kifupi, kila mara kile kile. Kiborana sikukijua. Nilivuta blanketi hadi masikioni na kumlaumu kimoyomoyo kwa kunikatia usingizi.

Mwaka wangu wa kwanza homa ya matumbo ilinilaza. Akko ndiye aliyenipakia kwenye mkokoteni wa punda akanipeleka hospitali moja ya wafadhili, ambayo siku hizi haipo tena. Nililala huko wiki mbili. Nilipotoka nilikuwa na deni, lakini mhasibu wao aliitazama tai yangu akasema nilipe nikipata. Sikupata. Mshahara ulikwenda nyumbani kwa karo ya wadogo zangu, na kiasi fulani, nakiri, kilikwenda kwenye viatu.

Mwaka uliofuata binti yake akko alivunjika paja. Alikuwa akirudi kutoka Kinna, na dereva wa lori alikwepa shimo alilodhani limetegwa bomu, lori likapinduka. Shimo halikuwa na bomu. Binti alilala hospitali ile ile wiki nyingi, mguu umening'inizwa kwa kamba na mfuko wa mchanga, hata akazoeana na yule mfuko na kuutukana kwa jina. Alipona. Akatoka na magongo na deni, na kwa kuwa akko hakuwa na tai, mhasibu alichukua cheti chake cha safari akakifungia ndani kama rehani.

Nilikuwepo siku hiyo. Nilikwenda kumsaidia kusema.

"Nipe hiyo karatasi niende Kulamawe," akko alimwambia mhasibu. "Mimi nauza dume moja, naleta pesa yako yote."

"Leta pesa kwanza, mama, utapata karatasi."

"Pesa yangu iko na miguu mine. Iko Kulamawe."

"Basi iambie itembee."

Watu waliokuwa kwenye foleni walicheka, na nadhani nami nilicheka kidogo. Akko hakucheka, maana alikuwa na haraka ambayo mhasibu hakuijua. Ilikuwa imetoka amri kwamba ng'ombe wote wa Kulamawe wakusanywe na kuhesabiwa. Kila mwenye ng'ombe asimame kando ya ng'ombe wake, cheti mkononi, apewe kibali cha kuwalisha karibu na kijiji cha ulinzi, kambi waliyowekwa watu chini ya askari. Ng'ombe ambao hakuna mtu mwenye cheti aliyesimama kando yao wangehesabiwa kuwa ni wa Shifta, wachukuliwe. Mpwa alikuwa na cheti cha mchungaji tu, hakikutosha. Ilibidi asimame yeye.

"Karani, ofisi yako inatoa cheti ingine?" aliniuliza jioni hiyo.

"Nitaona kesho," nikamwambia.

Kesho nilimuuliza katibu. Akasema cheti cha yule mama hakijapotea, kipo hospitali, kinajulikana kilipo, kwa hiyo hawezi kupewa kingine. Niliona ni jibu lenye akili. Nikamrudishia akko lile jibu na nikadhani nimemsaidia. Zilipita wiki. Habari za Kulamawe hazikufika, kwa sababu hakuna aliyekuwa akija kutoka huko.

Kisha kamati ikakaa. Mfuko wa mji, ambao kwa kawaida haukutosha hata kupaka chokaa choo cha soko, safari hii ulikuwa na pesa. Katibu akatoa shauri: tulipe madeni ya hospitali ya wakazi wa mji, yote, tuwaondolee watu mzigo. Mwenyewe niliandika kumbukumbu za mkutano, na nasema kweli, nilijivuna. Watu walikuwa wamefungiwa mjini, hawauzi wala hawanunui, na hospitali imewashika vyeti na blanketi na hata cherehani ya fundi mmoja. Hii ilikuwa kazi ya kheri. Mpaka leo siwezi kusema shauri lenyewe lilikuwa baya.

Nilipewa kuchapa orodha ya wadaiwa. Niliianza na binti yake akko, kwa upendeleo. Ikafika kurasa mbili. Mwisho kabisa, mstari wa mwisho, nikajichapa mwenyewe. Si nilikuwa mkazi, na si nilikuwa na deni?

Siku ya kutangaza, watu walijaa uwanja wa soko. Katibu alisoma, mimi nikashika karatasi zisipeperuke. Waislamu wakaitikia kwa dua, Wakristo wakapiga makofi, mama mmoja Mturkana mwenye mapacha akaketi chini akalia. Alasiri ile ile akko akarudishiwa cheti chake. Alikikunja mara nne akakitia ndani ya nguo, na nikajua asubuhi yake angepanda lori la kwanza kwenda Kulamawe.

Asubuhi hakupanda lori. Alikuja ofisini.

Alikuwa na chombo cha maziwa, kile cha kusukwa kwa nyuzi, kilichofukizwa moshi, na ndani maziwa ya mbuzi aliyoyaomba nyumba hadi nyumba, maana miezi ile maziwa mjini yalikuwa adimu. Akasalimu, "Salaam aleikum," akaketi kwenye benchi.

"Nimekuja kuuliza ile ng'ombe," akasema. "Ile imenilipia hospitali. Ni ng'ombe ya nani?"

Nilicheka hadi nikashika meza. Nikamweleza kwamba hakuna ng'ombe. Ni pesa ya mfuko wa mji, pesa ya watu wote.

"Pesa haizai pesa, karani. Kila pesa hapa Isiolo imetoka kwa ng'ombe. Mimi nauliza tu ni gani."

Kwao, alivyonieleza kwa subira kubwa kuliko niliyostahili, ukoo ukikusaidia unapewa mnyama, na mnyama ana rangi, ana alama, ana boma alilotoka. Unaambiwa: huyu wa kijivu ametoka kwa fulani. Nawe unapeleka maziwa kwa fulani, unamtaja yule mnyama mbele yake, unaliombea zizi lake lijae. Kabla hujafanya hivyo huingii zizini kwako, usije ukaingia na baraka za mwingine ambazo hujazirudisha. Kwa hiyo Kulamawe ingengoja. Alikuwa amengoja mhasibu, alikuwa amengoja kamati, sasa alingoja mimi nimwambie rangi.

Nikamwambia aende nyumbani. Alikwenda. Kesho yake akarudi na chombo. Siku ya tatu akarudi tena, na mpiga ramli wa sokoni akawa amenibatiza karani wa maziwa. Mimi sina subira, mama yangu mzazi atashuhudia. Hasira ikanipanda. Nikasema moyoni, huyu leo nitamkata maneno kwa karatasi, arudi kwake.

Nikafungua kabati. Nikatoa faili la mapato, nikafunua hadi mahali palipoonyesha pesa iliyolipa hospitali ilitoka wapi. Mnada wa mifugo. Nyuma yake palibanwa karatasi ya wanyama waliouzwa. Sikukumbuka kuichapa, wiki ile nilichapa karatasi nyingi, lakini herufi m ilikuwa imeruka juu kidogo ya mstari, na m ya kuruka ilikuwa ya taipureta yangu. Nikafurahi. Kumbe kweli kulikuwa na ng'ombe, na mimi karani ningeweza kumjibu kwa rangi.

"Sikiliza basi," nikasema. "Jike, mwekundu, uso mweupe, sikio la kushoto limepasuliwa. Ametoka Kulamawe."

"Eeh," akasema.

"Jike, wa kijivu, pembe zimeinama. Kulamawe."

Akasogea mbele kwenye benchi. Nilisogeza kidole mstari wa tatu, na kabla sijafungua mdomo akasema polepole, "Sasa ile nyeusi. Dume. Iko na pembe moja."

Nikatazama karatasi. Dume, mweusi, pembe moja imevunjika.

Kwa dakika nzima nilidhani anajua kusoma, tena kusoma kichwa chini, kwa sababu alikuwa upande wa pili wa meza. Hakujua hata kutia alama ya kidole bila kushikwa mkono. Nikasogeza kidole cha nne. Akasema, "Mtoto ya ile nyekundu. Uso yake ni ya mama yake." Ilikuwa hivyo. Wa tano akamsema. Wa sita. Alikuwa ameanza kuimba, si kwa sauti, kwa pumzi tu, na wimbo huo nilikuwa naujua. Ulikuwa wimbo wa kila asubuhi, wa kupulizia moto. Miaka miwili alikuwa akiwataja ng'ombe wake mmoja baada ya mwingine kwa mpangilio wanaotembea wakienda majini, yule mwekundu mbele, na aliyewaandika kwenye lango la mnada aliwaandika vile vile walivyoingia. Na mimi nilikuwa nimevuta blanketi.

Tulifika wa kumi na mmoja. Upepo ulikuwa umeanza na dirisha liko wazi, sikulifunga.

"Hapo mwisho," akauliza, "umeandika nini?"

"Ni mahali pa mwenyewe."

"Umeandika nani?"

Sijawahi kuwa na neno zito hivyo kinywani. "Hajulikani," nikasema.

Nikakumbuka sasa. Katibu akisoma, mimi nikichapa, tumechoka, tunataka kwenda nyumbani. Nilimuuliza tuandike nani hapa, akasema andika hajulikani, hakuna aliyesimama nao. Akaongeza kwa mzaha, asiyekuwapo na lake halipo. Nikacheka, nikachapa. Jioni hiyo nilikwenda kulala chumba kilichotenganishwa na cha mwenyewe kwa ukuta mmoja wa udongo, nikala ugali aliousonga mwenyewe.

Sasa nililiona lote na nilitaka mtu aniambie nimekosea. Deni lilimnyang'anya cheti. Kukosa cheti kukamzuia kusimama. Kwa kuwa hakusimama, ng'ombe wakawa hawana mwenyewe. Hawana mwenyewe, wakauzwa. Wakalipa deni. Akarudishiwa cheti cha kwendea kwa ng'ombe. Na kila hatua kulikuwa na karatasi iliyotiwa sahihi, na hakuna hata moja iliyosema uongo isipokuwa ile yangu.

Nilitarajia apige kelele. Ningeshukuru angepiga kelele. Aliketi ameshika magoti, akaitazama karatasi ile asiyoweza kuisoma, kisha akatazama chombo chake.

"Maziwa ni ya mwenye ng'ombe," akasema.

Akafungua kifuniko, akayanywa yote, pale pale kwenye benchi, bila haraka, hadi akakiinua chombo juu kwa tone la mwisho. Akapangusa mdomo kwa ncha ya shuka.

"Hawa wengine wamelipiwa," akasema, "ni nani? Mimi nataka kujua loon zangu, hizo ng'ombe, zimeenda nyumba gani."

Nikachukua orodha ya wadaiwa nikamsomea.  Yule mama wa mapacha. Fundi wa cherehani. Muuza miraa mmoja wa kwetu aliyeumwa na nyoka. Kila jina aliitikia kwa kichwa, na kwa wengine aliuliza kama wamepona. Nikamaliza ukurasa wa kwanza, nikaingia wa pili, nikafika mstari kabla ya ule wa mwisho. Nikanyamaza.

"Wameisha?"

"Wameisha," nikasema.

Alisimama. Akatoa cheti chake ndani ya nguo, kimekunjwa mara nne, akakiweka juu ya taipureta yangu. "Weka wewe. Mimi sina safari." Akafika mlangoni, akageuka, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayejulia hali:

"Ile homa yako ya tumbo, karani, iliisha vizuri?"

Akaenda zake. Nilibaki nimesimama na orodha mkononi. Alijua. Atakosaje kujua, na mkokoteni alikodi yeye?

Katibu alikuwa chumba cha ndani na mlango ulikuwa nusu wazi. Niliingia bila kubisha, nikamwambia mwenye ng'ombe amejulikana, karatasi irekebishwe. Alivua miwani, akaifuta muda mrefu.

"Akijulikana, ni haki yake kurudishiwa pesa ya ng'ombe wake," akasema. "Pesa imekwenda hospitali. Nimwambie nani airudishe? Yule mama wa mapacha?" Akavaa miwani akanitazama. "Wewe?"

Safari hii hakufanya mzaha, na alionekana mzee. Aliniambia nifunge dirisha, vumbi linaharibu mafaili. Nikalifunga. Nilikuwa nimezoea kuamini kwamba serikali ni kitu kilichoko Nairobi, kikubwa, chenye magari. Siku ile nilistuka kugundua kwamba serikali ni mimi na mwenzangu mmoja mwenye miwani, na kwamba tulikuwa hatuwezi kurekebisha neno moja tulilolichapa wenyewe.

Nilipotoka kazini nilikwenda kutafuta maziwa. Niliazimu kuyapeleka, kumtaja yule dume mweusi mbele yake na kusema ni yeye aliyenilipia. Nilizunguka soko. Wanawake wa Kisomali waliokuwa wakiuza maziwa walikaa mbele ya vyombo vitupu, wakipiga soga. Nikauliza upande wa Waturkana, nikauliza hadi vibanda vya njia ya Leparua. Mji mzima haukuwa na maziwa, na mimi karani wa mnada nilizunguka nikiuliza kwa nini.

Dukani nikapata mkebe wa maziwa ya unga. Ghali. Nikaununua, nikaupeleka uwanjani kwake jua likizama, binti yake ameketi kwenye ngazi na magongo yake. Nilikuwa nimejifunza maneno njiani. Nikauweka mkebe mbele ya akko kwa mikono miwili, nikamwambia kwamba mstari wa mwisho nilikuwa mimi, kwamba sikuusoma kwa aibu, na kwamba dume mweusi wa pembe moja ndiye aliyenilipia hospitali. Nikaliombea zizi lake lijae. Na zizi lenyewe halikuwapo tena.

Akko aliuchukua mkebe. Juu yake palikuwa na picha ya ng'ombe mnene wa Kizungu, wa mabaka, amesimama kwenye majani yaliyomfika magotini. Alimwangalia kwa makini, akimtafuta sikio, akimtafuta paja, akiugeuza mkebe aone kama alama iko upande wa pili. Hakuona alama. Akaniinulia macho.

"Na hii," akaniuliza, "ni ng'ombe ya nani?"